Karatasi Niliyoiokota Mapema

Bibi Hwang mpendwa, nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimeiandika mara nne na mara zote nne nimeichana, na hii ya tano naiandika nimekaa kwenye ngazi za nje na koti mwilini, kwa sababu nikikaa ndani kwenye joto najisahau, naahirisha tena, na siku zinakwenda.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, mpishi katika jiko la shule hapa Daegu, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi napanda mlima na chama chetu, watu arobaini na mmoja ndani ya basi moja, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi na jioni tumerudi. Kwenye chama mimi ndiye Mkia, yaani yule anayetembea nyuma ya wote ili asibaki mtu, na hakuna anayeniita jina langu, ni "Mkia, umekula?", "Mkia, njoo unywe cha moto," na usinicheke Bibi, nimepika miaka kumi na minne na hakuna aliyewahi kunipigia makofi, lakini cheo hiki cha kutembea nyuma nimekipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa.

Chama chetu kinafanya kama vyama vingine, Kiongozi Seok akifika njia panda anaweka chini karatasi yenye mshale na jina la chama, anaikandamiza kwa jiwe, kila anayepita anaifuata, na mimi wa mwisho naiokota tusiache takataka msituni. Kanuni ni moja na kila mwanachama ameiimba mpaka imemwingia: penye karatasi kata kona, pasipo karatasi nenda moja kwa moja.

Sasa yupo mwenzetu, Mzee Tak, miaka sabini na sita, mtu wa reli aliyestaafu, ambaye akikwambia dakika saba ni saba, na ndiye anayetuchekesha kwenye basi, kwa sababu hulikata gazeti lenu la Alhamisi, anasimama katikati ya viti, anasoma barua ya ukurasa wako kwa sauti, kisha anafunika jibu lako kwa kiganja na kuuliza, "Haya, ninyi mngemwambiaje huyu?" Tunabishana mpaka tunafika mlimani, halafu anafunua kiganja, na jibu lako likilingana na lake anajipiga kifua. Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani, maana ninayoyaandika yanamhusu yeye.

Jumamosi ya pili ya Januari tulikwenda mlima mmoja kwenye safu ya Sobaek, theluji imefika magotini, baridi inauma mpaka kope zinagandana, na msitu umejaa watu, vyama sita au saba siku moja, na wewe unajua tunavyokuwa wakati wa baridi, kofia mpaka nyusi, kitambaa mpaka puani, miwani nyeusi, binadamu haonekani, linaonekana koti tu. Tulikula tambi za kopo chini ya kilele, watu wakafunga vyuma vyenye meno chini ya viatu kwa ajili ya kushuka, wakaanza kwenda mmojammoja, na mimi nikasimama nikihesabu, nikafika thelathini na tisa, nikajua bado Mzee Tak, na nikatazama mbele nikaliona koti lake jekundu lenye mstari mweupe mgongoni tayari linashuka katikati ya watu, nikapaza sauti, "Mzee, taratibu kwenye barafu!", na yule mtu akainua fimbo akanipungia. Nikasema haya, arobaini, nikafunga mkoba nikashuka.

Bibi, hakuwa yeye. Mzee Tak alikuwa nyuma ya mwamba anajisaidia, na mkanda wa chuma cha kiatu chake ulikuwa umekatika na alikuwa anaufunga kwa kamba, anasema ilimchukua dakika kumi na mbili na mimi naamini zilikuwa kumi na mbili. Nilipofika njia panda, redio ya mkononi ikawa inalia, Kiongozi Seok anapiga kelele, "Mkia! Mko wapi? Supu inapoa huku!", nami nikainama nikaokota karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikakata kona kulia kuelekea kijijini kwenye basi. Dakika kumi na mbili baadaye Mzee Tak akafika pale pale, kibao cha njia kimezikwa na theluji, chini hakuna karatasi, na akafanya kile alichofundishwa na chama kwa miaka ishirini, akaenda moja kwa moja.

Kwenye basi kiti chake kilikuwa kitupu. Tulisubiri, tukapiga simu, haipatikani, baridi ilikuwa imeiua betri, Kiongozi akawaita watu wa uokoaji, wakaniuliza mimi kwanza, nikawajibu bila kusita, "Alikuwa mbele yangu, nimemwona kwa macho yangu, njia panda ameipita," na nilikuwa nasema kweli kama nilivyoijua, wakaanza kutafuta upande wa kijijini. Halafu nikageuza shingo. Kwenye basi la chama kingine alikuwa amesimama mtu mwenye koti jekundu lenye mstari mweupe, akashusha kitambaa usoni apate kula, nikaona kijana wa miaka thelathini hivi, anacheka na wenzake. Nilikaa na jambo lile dakika ishirini nzima, Bibi, dakika ishirini jua linashuka na mzee yuko msituni, ndipo nikamfuata mwokoaji nikamwambia, "Labda na ile njia inayonyooka, hebu ijaribuni." Akaniuliza, "Kwa nini, mama?" Nikasema, "Moyo tu unaniambia."

Walimkuta huko, kabla giza halijaingia, amekaa ndani ya tanuru la zamani la mkaa, amejifunika matawi ya msonobari, vidole viwili vya mguu vimeingiwa na baridi lakini daktari amesema vitapona. Walipomfikisha kwenye basi watu walilia, walimshika mikono, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameokota karatasi?" Kiongozi akamkumbatia akamwambia, "Karatasi ilikuwepo, mzee wangu. Watu wote hawa wameiona." Akasema, "Mimi sikuiona. Haikuwepo." Basi zima likanigeukia, na mimi nikasema, "Ilikuwepo."

Kutoka hapo mambo yamekwenda yenyewe. Watu wakaanza kunong'ona, kumbe mzee ameanza kusahau, mmoja akakumbuka kwamba mwezi wa Novemba aliacha glavu zake hotelini, mwingine akakumbuka alivyomwita kwa jina la dada yake, na maneno yakamfikia mwanawe. Mke wa mwanawe, mwanamke mwema kabisa, amemchukulia funguo za nyumba, amempeleka kupimwa akili, na alipoulizwa na daktari kumetokea nini, alieleza habari ya karatasi ambayo watu arobaini waliiona na mzee peke yake hakuiona. Wamekwisha kuandika jina lake kwenye nyumba ya kulea wazee, ataingia baada ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, na mlimani asikanyage tena.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ile ya kwenye basi. Akaniambia, "Mkia, mwanangu, wewe huwa husemi uongo. Nimeilaza akili yangu usiku na mchana kwenye ile njia panda. Naiona theluji, naliona jiwe, karatasi siioni. Niambie wewe. Ilikuwepo?" Nikamwambia, "Ilikuwepo, mzee." Akasema, "Basi ni kichwa changu," akanishukuru, akakata simu. Siku hizi, kwa mujibu wa mkwewe, anaandika kila kitu kwenye kiganja cha mkono, amekula nini, amefunga mlango au hajafunga.

Na mimi je? Mimi nasifiwa. "Mkia ana macho kisogoni," ndivyo wanavyosema, kwa sababu moyo wangu uliwaambia waokoaji pa kutafuta. Jumamosi hii ni tambiko letu la kufungua mwaka, tutaweka kichwa cha nguruwe na pombe ya mchele mbele ya mlima, tutapiga magoti kuomba mwaka usio na ajali, na pale pale, mbele ya mlima unaojua kila kitu, watanipa ngao ya shukrani, nimekwisha kuiona picha yake, wamechonga, "Kwa macho yaliyookoa maisha." Silali, chumvi inanipotea mkononi, juzi watoto wa shule wamerudisha supu. Nawaogopa waokoaji, namwogopa mwanawe, nawaogopa wale watu arobaini, maana nje ya chama sina mtu anayeniuliza kama nimekula.

Nimefikiri hivi, niseme magoti yananiuma, nisiende Jumamosi, nijitoe chamani kimyakimya, na kwa mwanawe nipeleke barua isiyo na jina, kwamba pengine mzee asihukumiwe haraka. Je, hiyo inatosha? Karatasi ninayo mpaka leo, imo mfukoni mwa koti nililovaa. Unaweza kuichapisha barua hii, na namba yangu ya simu nimeiandika nyuma.

Mkia, Daegu.


Mkia,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekukasirikia vilevile.

Tuanze na lile unalojilaumu bure. Kumfananisha mtu na koti lake si dhambi. Mimi mwenyewe niliwahi kumfuata mume wa mwenzangu mpaka kituoni, namgombeza kwa kusahau vitunguu, kwa sababu ya kofia tu, na baridi yenyewe haikuwa ya Sobaek. Ulikosea, angekosea yeyote, na ungesema siku hiyo hiyo "jamani, nilimpungia mtu mwingine", leo chama kingekuwa na hadithi ya kuchekea kwenye basi kwa miaka kumi.

Zile dakika ishirini ni jambo jingine. Mama, moyo wako haukukwambia kitu. Ni macho yako yaliyokwambia, ukayanyang'anya ushahidi ukaupa moyo ili usionekane mzembe. Lakini mwisho ulifungua mdomo, na ndiyo maana mzee yuko hai. Sikusifu kwa hilo, ila sitaki ulie juu yake, kwa sababu ukianza kulia utasahau kilicho mbele yako.

Kilicho mbele yako ni ile simu. Mtu mzima wa miaka sabini na sita, aliyeishi kwa kuamini saa yake na macho yake, alikuletea wewe kichwa chake mkononi akakuuliza kama bado ni kizima. Na kilikuwa kizima. Alikuwa amekumbuka theluji, jiwe na karatasi isiyokuwepo, sawasawa kabisa, kuliko wote mliokuwa mmekaa kwenye basi. Nawe ukamrudishia ukamwambia kibovu. Tangu hapo anaandika kwenye kiganja alichokula. Msitu haukumfanyia hivyo, Mkia. Umemfanyia wewe, nyumbani kwake, kwa simu.

Eti magoti! Magoti yako hayana kosa lolote, yaache. Na barua isiyo na jina usithubutu. Mwanawe atafanya nini na "pengine"? Ataiweka mezani, mkewe ataisoma, watasema kuna mwanachama mwenye huruma, kisha watamfungia mzee nguo zake kwenye sanduku kama walivyopanga.

Sasa sikiliza, na usinibishie. Unachukua ile karatasi, iliyokunjwa hivyo hivyo. Unakwenda nyumbani kwa mzee, si kwa simu, kwa miguu yako. Unaomba mwanawe na mkewe wakae, lakini unazungumza na mzee kwanza, unamtazama yeye, maana ni yeye aliyeuliza na akahukumiwa. Unaiweka karatasi mbele yake na kumwambia, "Niliiokota kabla hujafika. Nilikudanganya kwenye basi na nilikudanganya kwenye simu." Maneno hayo, kwa mpangilio huo. Usiseme "kama nimekukosea". Usianze na jinsi baridi ilivyokuwa kali wala Kiongozi alivyopiga kelele redioni. Na usilie mpaka mzee mgonjwa wa vidole ainuke kukubembeleza wewe. Ukishindwa kujizuia, nenda kalie uani kisha urudi.

Akikutukana, tukanwa. Akikufukuza, toka, lakini karatasi iache.

Kabla hujatoka, mwombe mkwewe ampigie daktari mbele yako, asikie kwamba ushahidi aliopewa ulikuwa wa uongo. Mimi si daktari. Yawezekana mzee ana usahaulifu wake kama wazee wengine, mimi nina miaka sitini na sita na miwani yangu naitafuta ikiwa puani. Lakini apimwe kwa anayoyasahau yeye, si kwa uliyomficha wewe. Kisha nenda kituo cha waokoaji, waeleze kwa nini walitafuta upande usio sahihi, kwa sababu kesho watamtafuta mtu mwingine, na watauliza Mkia mwingine maswali yale yale. Kiongozi Seok mpigie mwisho, naye umwambie kwamba watu wake wahesabiwe kwa nyuso: kitambaa chini, jina kinywani, kila mmoja, hata kama supu inageuka barafu.

Jumamosi utakwenda mlimani. Ndiyo, utakwenda. Bila ngao. Simama pale watakapokuweka, na wakikuvua huo umkia, vua bila kununa, tembea katikati kama wengine. Unasema nje ya chama huna anayekuuliza kama umekula. Je, Mzee Tak akiingizwa kwenye ile nyumba, nani atamuuliza?

Na neno la mwisho kwako, kwa sababu sikuzaliwa jana. Uliniambia mwenyewe kwamba mzee huyu husoma ukurasa huu kila Alhamisi, ukaniambia mpaka anavyosimama kwenye basi, halafu ukaniruhusu nichapishe. Majina nimeyabadilisha, lakini koti jekundu na tanuru la mkaa sikuvibadilisha, nawe ulijua hivyo vitamtosha. Hukuniomba ushauri tu, Mkia. Ulitaka nimwambie mimi. Ndiyo maana nilimwomba msichana wa ofisini akupigie jana saa nne asubuhi, akwambie jambo moja, kwamba barua yako inatoka leo na gazeti hufika milangoni mwa watu alfajiri. Nilikupa mchana mzima na jioni yake. Kutoka kwenye ngazi zako mpaka kwake sidhani kama ni zaidi ya vituo kadhaa vya basi.

Kama ulikwenda, basi asubuhi hii mmekaa watu wanne na chai, mnasoma maneno mnayoyajua tayari, na mimi nimepayuka bure, nafurahi.

Kama hukwenda, basi niruhusu nimgeukie mtu mwingine. Mzee wangu, najua unapofika hapa huwa unafunika kwa kiganja chako. Leo kiondoe, na hayo uliyoyaandika juu yake kayaoshe. Umeisoma barua sawasawa. Na siku ile msituni uliona sawasawa. Karatasi haikuwepo.

Bibi Hwang